Ofisi imehama, lakini ramani bado inatuweka kule kule

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo huonekana dogo mpaka limkute mtu. Ofisi inahama kutoka jengo moja kwenda jingine, inabeba meza, makabati na vifaa vyake vya Wi-Fi, kisha simu na kompyuta za wafanyakazi zinaendelea kuonyesha kwenye ramani kwamba watu wote bado wamekaa katika jengo la zamani. Mimi ni fundi wa mitandao. Kazi yangu ni kuvuta nyaya, kufunga ruta, yaani vile vifaa vinavyosambaza Wi-Fi, na kupokea lawama, na kwa miezi kadhaa iliyopita nimelijua jambo hili kwa undani kuliko nilivyopenda. Nimeona watu wakimtafuta mchawi mahali ambapo hayupo, nami nilikuwa wa kwanza kati yao.

Lililonisukuma kushika kalamu ni kisa cha karani mmoja wa ofisi yetu. Wafanyakazi wetu husajili mahudhurio kwa simu: mtu akifika kazini hufungua programu, hubonyeza kitufe, na programu hutazama mahali simu ilipo kabla ya kumwandika kuwa amefika. Jumatatu ya kwanza baada ya kuhama, karani huyu alibonyeza kitufe akiwa ameketi mezani pake, na programu ikamkatalia kwa maelezo kwamba yuko umbali wa kilomita 6 kutoka kazini. Mkuu wa utumishi, ambaye tayari alikuwa ameiweka anwani mpya ya ofisi kwenye mfumo, aliona jina lake likiwa na alama nyekundu, akampigia simu kumuuliza yuko wapi. Nilipoitwa, nilimkuta dada huyo amesimama na simu mkononi, machozi yakimlengalenga. Akaniambia: "Fundi, wewe unaniona kwa macho yako. Mwambie basi na hii simu."

Niliichukua simu nikaenda nayo dirishani. Kidoti cha buluu kilikuwa juu ya jengo la zamani, na lile duara linalokizunguka, ambalo ramani hulitumia kuonyesha kiasi cha shaka yake yenyewe, lilikuwa dogo kama kifungo cha shati. Hilo ndilo lililonishtua zaidi, kwa sababu simu isiyojua iliko kwa kawaida huchora duara kubwa linalofunika mitaa kadhaa, ilhali hii ilikuwa inasema uongo bila kusita. Nikashuka ngazi, nikatoka mlangoni, nikavuka maegesho ya magari. Kidoti kikatulia kidogo, kikaruka, kikatua pale pale niliposimama. Nikarudi ndani taratibu huku nikikitazama, na kabla sijafika ghorofa ya pili kikawa kimerudi kilomita 6.

Fundi mwenye akili iliyotulia angeelewa kila kitu kutokana na matembezi hayo. Mimi sikuelewa. Kwa siku tatu nzima nilisumbuana na mtoa huduma wetu wa intaneti, nikiamini kwamba kosa liko kwenye anwani yetu ya IP, na wakati huohuo mwenzangu alikuwa akiwashauri wafanyakazi warudishe simu zao katika hali ya kiwandani. Mmoja alipoteza picha zake za mwaka mzima. Kidoti hakikusogea hata hatua moja.

Makosa yetu yalitokana na kuchanganya njia mbili tofauti ambazo kifaa hutumia kujua kilipo, na kwa kuwa naona hata waandishi wa masuala ya teknolojia huzichanganya, naomba nizitenganishe. Njia ya kwanza ni ya anwani ya IP, yaani ile namba ambayo mtoa huduma humpa mteja ili data zijue pa kurudi. Kampuni fulani hutunza orodha zinazooanisha namba hizo na nchi, mikoa na miji, lakini usahihi wake ni wa kiwango cha mji, na mara nyingine hata huo haufikiwi. Mfano unaojulikana ni ule wa Marekani uliofichuliwa mwaka 2016, ambapo kampuni ya MaxMind ilikuwa imeziwekea anwani za IP zisizojulikana ziliko, mamilioni kwa mamilioni, nukta moja iliyo karibu na katikati ya nchi, na nukta hiyo ikaangukia shamba moja la Kansas. Kwa miaka mingi wakazi wa shamba hilo walibishiwa hodi na polisi na watu wenye hasira waliokuwa wakisaka wezi na matapeli wa mitandaoni. Kampuni iliihamishia nukta hiyo katikati ya ziwa. Tatizo la aina hii hurekebishwa kwa kuwaandikia wenye orodha, au kwa mtoa huduma kutangaza mwenyewe anwani zake ziko wapi, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2020 chini ya jina RFC 8805. Lakini anwani ya IP haiwezi kumweka mtu juu ya paa la jengo fulani kwa duara dogo kama kifungo. Ukiona duara dogo lililokosea, usimpigie mtoa huduma wa intaneti, atakupotezea muda nawe utampotezea wake.

Njia ya pili ndiyo iliyotuponza. Kila kifaa cha Wi-Fi hujitangaza hewani takriban mara 10 kwa sekunde, na katika kila tangazo hutaja namba yake ya kipekee yenye jozi 6 za tarakimu na herufi, ambayo mafundi tunaiita anwani ya MAC au BSSID. Simu yoyote iliyo karibu huisikia namba hiyo hata kama haina nywila ya mtandao huo na haikusudii kuunganishwa nao. Nayo kampuni inayotengeneza mfumo wa simu huwa na kanzidata kubwa inayosema kwamba namba fulani husikika kwenye latitudo fulani na longitudo fulani. Simu ikiwa ndani ya jengo, mahali ambapo mawimbi ya setilaiti za GPS, yaliyosafiri zaidi ya kilomita 20,000, hayapenyi vizuri paa na zege, huorodhesha namba inazozisikia, huiuliza kanzidata, na kujibiwa iko wapi. Kompyuta za mpakato zina utegemezi mkubwa zaidi, kwa kuwa nyingi hazina GPS kabisa. Kumbe basi anwani ya ofisi yetu ilikuwa imeandikwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama, yaani kwenye ruta zenyewe, na sisi tulizifungua kutoka kwenye dari la jengo la zamani, tukazipanga vizuri kwenye maboksi, tukaja kuzifunga upya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kanzidata hizi si ngeni. Kampuni ya Skyhook iliyoanzishwa Boston mwaka 2003 ilijenga ya kwake kwa kuendesha magari barabara kwa barabara huku ikirekodi Wi-Fi zilizosikika, na iPhone ya kwanza, ambayo haikuwa na GPS, ilianza kuonyesha mahali ilipo mnamo Januari 2008 kwa msaada wa kanzidata hiyo. Google nayo ilitumia magari yake ya Street View, yale yanayopiga picha za mitaa kwa ajili ya ramani, hadi ilipolazimika kukiri Mei 2010 kwamba magari hayo yalikuwa yamenasa hata vipande vya mawasiliano ya watu kutoka kwenye mitandao isiyo na nywila. Siku hizi hakuna haja ya gari. Kila simu mfukoni mwa mpita njia, ikiwa imewashiwa huduma ya mahali na inaiona GPS, ni mpima ramani asiyelipwa: inajua iko wapi kwa setilaiti, inasikia namba za Wi-Fi zilizo karibu, inazipeleka zote mbili kwenye seva. Apple ilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2011 baada ya wateja wake kuhoji faili lililoonekana ndani ya simu zao.

Sasa swali ambalo wengi huniuliza ni hili: ikiwa simu ndizo zinazoisahihisha kanzidata, mbona haijirekebishi yenyewe siku ileile? Jibu langu ni kwamba hujirekebisha, lakini namna tulivyohama ndiyo inayoichelewesha. Ruta moja ikihamishwa peke yake na kuwekwa kati ya majirani wasiohama, majirani hao wataishinda kwa wingi. Kanzidata itaona namba tisa zinasema hapa na moja inasema kule, na hiyo moja itatiliwa shaka. Sisi tulihamisha vifaa 14 kwa mpigo, na kila kifaa kilikuwa kinatangaza majina matatu ya mtandao, moja la wafanyakazi, moja la wageni na moja la mashine za kuchapisha, kila jina likiwa na namba yake. Kwa hiyo mtu aliyeketi katikati ya ofisi alizungukwa na makumi ya mashahidi waliokuwa wamekubaliana neno kwa neno kwamba wako jengo la zamani, huku Wi-Fi za majirani wapya zikisikika kwa mbali kupitia ukuta. Hata duara lile dogo linaeleweka kwa njia hiyo, maana mashahidi wengi wakilingana, kanzidata haioni sababu ya kuwa na shaka. Zaidi ya hayo, simu zilizokuwa zinatusikia zaidi kuliko zote ni zetu wenyewe, nazo zilikuwa ndani, mbali na anga, zikikosa GPS ya kuwapinga mashahidi hao.

Nilichopaswa kukifanya Jumatatu ile nilikifanya Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, nilipoomba ruhusa ya kuzima vifaa vyote 14 kwa dakika 15. Niliketi kwenye kiti cha karani nikiwa na simu yake na kompyuta ya mpakato kando. Kwa dakika mbili za mwanzo hakuna kilichobadilika, kwa sababu simu huhifadhi kwa muda majibu iliyokwisha kuyapata. Kisha duara likapanuka, likawa kubwa, likafunika nusu ya mji, na polepole likajikusanya juu ya jengo letu jipya, likitegemea Wi-Fi za majirani. Nilipoviwasha tena, kidoti kikarudi kule kule. Nawashauri mafundi wenzangu waanze na jaribio hili kabla ya kumgusa mtu simu yake, kwa sababu linamaliza ubishi. Kuzima Wi-Fi kwenye simu pekee si jaribio la kuaminika, kwani simu za Android zina kipengele kinachoiruhusu simu kuendelea kuchunguza Wi-Fi zilizo jirani hata swichi ya Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Marekebisho yenyewe hayana uchawi, ila yanahitaji miguu na subira. Tuliwaomba wafanyakazi sita, wenye simu za aina tofauti kwa sababu kila kampuni ina kanzidata yake na haigawani na jirani, wahakikishe kwamba huduma ya mahali imewashwa, kwamba kipengele cha usahihi wa mahali kinachotumia Wi-Fi kimewashwa pia, kisha wafungue programu ya ramani nje kabisa, kwenye uwanja wazi, wasubiri kidoti kitulie kwa GPS, ndipo watembee taratibu kulizunguka jengo wakiwa karibu na kuta. Lengo ni simu ipate kwa wakati mmoja vitu viwili ambavyo kwa kawaida haivipati pamoja: anga la kuiona GPS, na sauti ya ruta zetu. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa kwenye baraza la ghorofa ya tatu, ambapo mtu alisimama nje chini ya anga huku ruta moja ikiwa mita chache nyuma ya kioo. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni, bila kulazimishana, watu wakiingia na kutoka kazini kama kawaida yao. Wiki ya pili simu za aina moja zilianza kuonyesha mahali sahihi zikiwa karibu na madirisha, na vyumba vya katikati vikafuata baadaye. Simu za aina nyingine zilichukua muda mrefu zaidi, na kompyuta za mpakato zikawa za mwisho.

Wapo watakaosema kwamba kuna njia ya mkato. Ipo, ila ina gharama yake. Tangu mwaka 2011 Google imeruhusu mwenye Wi-Fi kujiondoa kwenye kanzidata yake kwa kuongeza herufi _nomap mwishoni mwa jina la mtandao, na Apple ilianza kuiheshimu alama hiyo mwaka 2024. Microsoft hutumia alama ya _optout, ambayo inaweza kukaa popote ndani ya jina, kwa hiyo anayezitaka zote mbili ataziweka pamoja na kuiacha _nomap ikae mwisho. Vifaa vikiondolewa, simu hulazimika kutegemea majirani na GPS, na ule uongo wa zamani hukoma. Lakini kubadilisha jina la mtandao maana yake ni kuunganisha upya kila simu, kila mashine ya kuchapisha, kila kamera na kila luninga ya chumba cha mikutano, na pia jina lote haliwezi kuzidi baiti 32. Tena, kujiondoa si kusahihisha. Ofisi iliyo peke yake, isiyo na majirani wenye Wi-Fi, itabaki na wafanyakazi ambao simu zao hazijui ziliko kabisa. Sisi tuliweka alama hizo kwenye mtandao wa wageni na ule wa mashine za kuchapisha, tukauacha wa wafanyakazi ujifunze mahali pake papya.

Kuna mambo mengine ambayo watu huyajaribu na ambayo hayasaidii. Kulificha jina la mtandao lisionekane kwenye orodha hakuifichi namba, kwani kifaa huendelea kujitangaza kama kawaida bila kutaja jina. Kwenye Windows unaweza kuandika mahali pa msingi pa kompyuta, lakini mfumo huutumia mpangilio huo pale tu unapokosa jibu lenye usahihi zaidi, na shida yetu ilikuwa kwamba jibu lenye usahihi wa bandia lilikuwepo. Kurekebisha jina la ofisi kwenye ramani, lile ambalo wateja hulitafuta, ni jambo jema, ila linahusu kibao cha mlangoni na si ruta zilizo ndani. Nilijaza pia fomu ya malalamiko ya kampuni moja kubwa, nikaambatisha namba za vifaa vyetu vyote pamoja na latitudo na longitudo ya jengo jipya. Nilijibiwa na mashine ndani ya dakika moja, ikinishukuru kwa maoni yangu kuhusu mgahawa.

Hapo ndipo penye hoja yangu kubwa, Ndugu Mhariri. Kanzidata hizi zimejengwa kwa vifaa vyetu, kwa umeme wetu, na kwa simu zetu zinazopima bila kuulizwa kila mara, lakini mwenye kifaa hana dirisha la kwenda kusema: namba hii ni yangu, nimehama, niko hapa sasa. Tunaruhusiwa kujiondoa, haturuhusiwi kusahihisha. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba dirisha la namna hiyo likifunguliwa ovyo, matapeli watalitumia kuhamisha ruta za watu wengine kwenye ramani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini zipo njia za kumthibitisha mwenye kifaa, kwa mfano kumtaka abadilishe kwa muda jina la mtandao liwe na neno atakalopewa, jambo ambalo aliye nje hawezi kulifanya, kisha simu yake ilisikie neno hilo mahali alipo. Skyhook kwa miaka mingi iliwapokea watu waliotaka kuwasilisha mahali vilipo vifaa vyao. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, nayo ilikuwa na kanzidata iliyo wazi, ambayo mtu yeyote aliweza kuichangia vipimo kwa kutembea na simu yake, ikaifunga mwaka 2024. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Lipo na suala la faragha ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa nimezama humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha mwaka 2024 kwamba kanzidata ya Apple ilikuwa inajibu maswali kwa ukarimu kiasi kwamba waliweza kukusanya mahali zilipo ruta zaidi ya bilioni 2 duniani kote, na kwa kuuliza tena na tena waliweza kuona ruta zikihama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Kuhama kwa ruta ni kuhama kwa mwenye nayo. Ofisi inaweza kuvumilia jambo hilo, lakini mtu aliyehama nyumba ili kumkimbia anayemnyanyasa, akabeba ruta yake kwa kuwa ni yake na aliinunua, anahitaji kujua kwamba kifaa hicho kinaweza kumtaja. Kwake yeye ushauri wangu ni mmoja tu: aiache ruta hiyo, anunue nyingine.

Narudi kwa waajiri, kwa sababu wao ndio wanaoweza kupunguza madhara leo hii bila kusubiri kampuni yoyote. Programu ya mahudhurio hupokea mahali pamoja na kipimo cha usahihi, na kwenye vivinjari kipimo hicho ni mita ambazo mfumo unakadiria kuwa sahihi kwa asilimia 95. Msimamizi akiona "mita 20" hudhani amepewa ushahidi wa mahakamani, ilhali kipimo hicho ni kujiamini kwa kanzidata, na kanzidata inayojiamini inaweza kuwa imekosea kwa kilomita 6 kama tulivyoona. Karani wetu alikatwa nusu siku kabla sijamaliza uchunguzi wangu. Alirudishiwa, lakini ilibidi nisaini barua kuthibitisha kwamba mtu niliyemwona kwa macho yangu ameketi ofisini alikuwa ameketi ofisini. Katika wiki za mwanzo baada ya kuhama, programu kama hizo zizimwe au msimamizi apewe uwezo wa kumwandika mtu kwa mkono, na mwenye simu iliyokataliwa asianze siku kwa kuonekana mwongo.

Jambo zito kuliko mshahara ni simu za dharura. Katika nchi nyingi, mtu akipiga namba ya dharura kwa simu janja, simu yenyewe hutuma mahali ilipo kwa utaratibu uitwao AML, ulioanza Uingereza mwaka 2014, ikitumia GPS au Wi-Fi kulingana na inachokipata. Mtu akianguka ghafla kwenye chumba cha katikati kisicho na dirisha, ambako GPS haifiki, na ruta zilizo darini bado zinatangaza jengo la zamani, gari la wagonjwa linaweza kuelekezwa huko. Baada ya kulitafakari hilo nilibandika karatasi kwenye kila ukuta wa vyumba vya ndani, yenye anwani kamili ya jengo, ghorofa na upande wa mlango wa kuingilia, pamoja na maneno: "Ukipiga simu ya dharura, taja anwani hii kwa mdomo." Wenzangu walinicheka. Karatasi zingalipo mpaka leo, na sikusudii kuzibandua.

Kwa wanaojiandaa kuhama, mimi ningefanya tofauti na nilivyofanya. Ningeandika kwanza namba za vifaa vyote kutoka kwenye mfumo wa usimamizi na si kutoka kwenye kibandiko cha chini ya kifaa pekee, kwa kuwa namba inayosikika hewani mara nyingi hutofautiana na ya kwenye kibandiko kwa tarakimu ya mwisho, na kila jina la mtandao huongeza yake. Ningetanguliza baadhi ya vifaa na kuviwasha katika jengo jipya majuma mawili au matatu kabla watu hawajafika, vikiwa karibu na madirisha, ili wapita njia na majirani waanze kuvisikia huko, na ningeleta vilivyobaki kwa mafungu. Ningemwambia pia mkurugenzi mapema, kwa maandishi, kwamba ramani itakosea kwa muda. Fundi anayesema kabla ya tatizo huonekana mjuzi, anayesema baadaye huonekana anajitetea, na mimi nilikuwa wa aina hiyo ya pili.

Vifaa vilivyotumika navyo vina mtego huohuo. Tuliwahi kununua ruta mbili kutoka kwa kampuni iliyokuwa inafunga shughuli zake, na siku tulipoziwasha, kompyuta iliyokuwa chini yake ilibadilisha saa yenyewe ikafuata majira ya mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Tulidhani ni virusi.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tuhame, na karani wetu hubonyeza kitufe chake asubuhi bila kuniita. Kati ya vifaa vile 14 tumebakiza 12 vikifanya kazi, kwa sababu jengo jipya ni dogo kidogo, na viwili vimebaki kwenye boksi ndani ya stoo vikisubiri kimojawapo kiharibike. Hivyo viwili havijawashwa tangu ile siku ya kuzima vyote, kwa hiyo hakuna simu iliyovisikia humu tena ikiwa na GPS ya kuvisahihisha, na kwenye kanzidata bado vimening'inia kwenye dari la jengo la zamani. Nimeandika juu ya boksi kwa kalamu nene: "Hizi bado ziko kule. Ziwashwe dirishani kwanza."

Wenu katika kazi,

Fundi wa mitandao
(Jina na anwani vimehifadhiwa)